Mpanda Ngazi Hushuka: Uwezo na Mipaka ya Magari ya Msukumo wa Magurudumu Manne Katika Theluji

Utangulizi

Katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, gari ambalo injini yake huzungusha magurudumu yote manne huitwa kwa jina la mkopo, fobaifo, na jina hilo hubebeshwa sifa nyingi kwa pamoja: nguvu, uimara, usalama na hata hadhi ya mwenye gari. Sifa hizo zimetokana na tajiriba ya matope. Gari la aina hii hupita mahali ambapo jingine hukwama, na anayelishuhudia likipita huamini kwamba limeushinda utelezi wenyewe.

Imani hiyo husafiri pamoja na wasemaji wa Kiswahili. Wapo Wakenya wengi wanaoishi Minnesota, na wapo Wakongo waliopewa makao Marekani na Kanada baada ya miaka mingi kambini. Wote hao hukutana na barabara za theluji wakiwa watu wazima, na wengine hutafuta maelezo ya udereva kwa Kiswahili. Mfasiri anayewaandalia maelezo hayo hulazimika kuchagua maneno, na uchaguzi mbaya waweza kumfikisha msomaji mtaroni.

Makala haya yanaeleza jinsi magari ya msukumo wa magurudumu manne yanavyofanya kazi katika theluji na jinsi yanavyodumu humo. Hoja kuu ni kwamba dhana mbili hazina budi kutenganishwa: msukumo, ambao hutoka kwenye injini, na mshiko, ambao hupatikana pale tairi linapogusa barabara. Gari la aina hii limezidishiwa njia za kuutumia msukumo. Mshiko wenyewe halikuzidishiwa.

Theluji, barafu na msuguano

Kiswahili kina maneno mawili yanayochanganywa mara kwa mara. Theluji, neno lenye asili ya Kiarabu, ni chembe nyeupe zinazoanguka kutoka mawinguni na kurundikana. Barafu ni maji yaliyoganda yakawa kitu kigumu kimoja. Neno hili lina asili ya Kiajemi, na katika lugha hiyo chimbuko lake humaanisha theluji. Si ajabu basi kwamba kilele cha Kilimanjaro husemwa kina theluji na papo hapo kina barafu. Kuna pia sakitu, yaani umande ulioganda. Kwa mshairi, mwingiliano wa maneno haya ni utajiri. Kwa dereva, kila neno ni barabara tofauti.

Tofauti hiyo hupimwa kwa msuguano. Wanafizikia hulinganisha kani ya juu kabisa ya msuguano na uzito unaolikandamiza tairi barabarani. Katika lami kavu uwiano huo hukaribia 0.8. Katika theluji iliyoshindiliwa na magari mengi hushuka hadi 0.2 au 0.3. Katika barafu tupu huwa 0.1 au pungufu yake, hasa barafu inapokaribia kuyeyuka na kutandwa na maji membamba juu yake. Kwa maneno mengine, gari lililotoka kwenye lami kavu na kuingia kwenye theluji iliyoshindiliwa limepoteza takriban robo tatu ya mshiko wake bila dereva kugusa chochote.

Kiasi hicho kidogo kilichobaki ndicho hutumika kwa kazi tatu: kuondoka, kupinda kona na kusimama. Kila kazi hukopa kutoka hazina ileile. Swali la kuuliza kuhusu msukumo wa magurudumu manne ni ipi kati ya kazi hizo tatu inayopata nafuu.

Msukumo na kazi ya injini

Mnyambuliko wa kitenzi hutusaidia hapa. Magurudumu ya kila gari huzunguka. Lakini si kila gurudumu huzungushwa. Katika magari mengi madogo injini huzungusha mawili ya mbele tu, na yale ya nyuma hufuata. Katika mengine injini huzungusha ya nyuma, na ya mbele hufuata. Gurudumu linalofuata hubeba uzito wa gari bila kuchangia chochote katika kulisogeza. Uzito huo, kwa kazi ya kuondoka, umepotea bure.

Tuchukue gari la kawaida ambalo asilimia 60 ya uzito wake iko mbele na ambalo injini yake huzungusha magurudumu ya mbele. Katika theluji yenye uwiano wa msuguano wa 0.2, gari hilo laweza kutumia asilimia 60 tu ya mshiko uliopo. Litaweza kupanda mwinamo usiozidi takriban asilimia 12, yaani unaopaa mita 12 kwa kila mita 100 za mlalo, na kwa kweli pungufu kidogo, kwa sababu gari linapopanda uzito huelekea nyuma. Gari jingine lililo sawa nalo kwa kila hali, ila tu linazungushwa magurudumu yote, hutumia mshiko wote na laweza kupanda hadi asilimia 20. Hii ni faida halisi wala si maneno ya wauzaji.

Namna ya kuugawa msukumo hutofautiana. Gari linapopinda kona, kila gurudumu hupita njia ya urefu wake, kwa hiyo lazima kiwepo kifaa cha kuruhusu tofauti hiyo ya mizunguko. Mafundi hukiita difu. Difu ya kawaida ina udhaifu mmoja: gurudumu moja likiwa juu ya barafu, msukumo wote huishia hapo likazunguka bure, na lenzake lililo kwenye lami likakaa kimya. Ndiyo maana magari haya huongezewa difu ya katikati, vifungio vya difu, mafungamano ya sahani na mafuta mazito, au kompyuta inayolibana kwa breki gurudumu linaloteleza ili msukumo uhamie kwa lingine. Siku hizi yapo pia magari ya umeme yenye mota mbili, moja mbele na moja nyuma, ambayo hayahitaji kabisa ule mtaimbo mrefu uitwao propela.

Aina moja yahitaji tahadhari ya pekee. Katika magari ambayo dereva mwenyewe huunganisha magurudumu ya mbele na ya nyuma kwa mkono, bila difu ya katikati, muunganisho huo hutumika palipo na utelezi tu. Ukitumika kwenye lami kavu, tofauti ya mizunguko hukosa pa kutokea na vyuma vikaanza kupigana. Barabara ya majira ya baridi, yenye theluji hapa na lami tupu pale, huwachosha madereva wa magari hayo.

Kutoka Tohoku hadi Safari

Kihistoria, msukumo wa magurudumu manne katika gari la kawaida la abiria ulitanguliwa na ule wa malori na magari ya kijeshi. Mwaka 1966 kampuni ya Uingereza iitwayo Jensen ilianza kuuza gari la FF lililokuwa na msukumo huo, lakini magari machache tu yaliundwa. Hatua iliyofuata ilizaliwa na theluji. Kaskazini mashariki mwa Japani, katika eneo la Tohoku, shirika la umeme lilihitaji gari la kuwapeleka mafundi wake kwenye nyaya za milimani wakati wa baridi, lakini lenye starehe kuliko jipu. Kutokana na haja hiyo, Subaru ilianza mwaka 1972 kuuza gari la Leone lenye msukumo wa magurudumu manne.

Huko Ulaya, wahandisi wa Audi walikuwa Finland katika majira ya baridi ya 1976 na 1977 wakijaribu magari yao. Mmoja wao, Jörg Bensinger, aligundua kwamba gari la kijeshi la Volkswagen Iltis, lenye nguvu za farasi 75 tu, liliyashinda katika theluji magari yenye injini kubwa zaidi ambayo yalizungushwa magurudumu ya mbele peke yake. Januari 1978 gari la majaribio lililotokana na wazo hilo liliupanda mlima wa Turracher Höhe nchini Austria, wenye mwinamo wa asilimia 23, likiwa na matairi ya kiangazi. Machi 1980 Audi Quattro ilizinduliwa katika maonyesho ya Geneva, na Februari 1981 Hannu Mikkola akaliendesha hadi ushindi katika mashindano ya Sweden, ushindi wa kwanza wa gari la namna hiyo katika mashindano ya ubingwa wa dunia. Mikkola huyohuyo alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1987 akiendesha Audi 200 Quattro. Hivyo gari lililotungwa kwa ajili ya theluji lilipata sifa mbele ya Wakenya katika vumbi na matope.

Katika kusimulia ushindi huo, jambo moja husahauliwa. Magari ya mashindano ya Sweden hufungwa matairi membamba yenye misumari midogo ya chuma inayochoma barafu. Msukumo ulitoka kwa injini, lakini mshiko ulitoka kwa misumari.

Mpanda ngazi hushuka

Methali ya Waswahili isemayo kwamba mpanda ngazi hushuka inafaa kuwa kanuni ya kwanza ya udereva wa theluji. Kila gari, liwe limezungushwa magurudumu mawili au manne, lina breki katika magurudumu yote. Kwa hiyo, katika kusimama, magari yote mawili ya mfano wetu yako sawa. Yakienda kilomita 50 kwa saa katika lami kavu, yatasimama kwa takriban mita 12 tangu breki zishike. Katika theluji iliyoshindiliwa yatahitaji mita 49. Katika barafu, mita 98. Umbali ambao gari hupita kabla mguu wa dereva haujafika kwenye breki haumo katika hesabu hizi.

Sasa tuurejee mlima. Gari la msukumo wa manne laweza kuupanda mwinamo wa asilimia 20 pale uwiano wa msuguano ulipo 0.2. Likifika kileleni na kugeuka, uvutano wa ardhi unaolikokota chini unalingana na mshiko wote uliopo. Breki haziachiwi chochote. Gari lililokuwa likienda taratibu litaendelea kwenda taratibu, lakini halitasimama. Hata kwenye mteremko wa asilimia 10, nusu ya mshiko huliwa na mteremko, na zile mita 49 za kusimama huwa 98. Kwa ufupi, uwezo wa kupanda humfikisha dereva mahali ambapo gari dhaifu lisingemfikisha, na huko hana uwezo wa ziada wa kumrudisha. Dereva wa gari la magurudumu mawili alizuiwa na mlima palepale chini, na pengine mlima ulimfadhili.

Kona nazo zina sheria yake. Kwenye kona yenye nusu kipenyo cha mita 50, lami kavu huruhusu mwendo wa takriban kilomita 71 kwa saa, na theluji iliyoshindiliwa 36 tu. Kanuni inayotoa tarakimu hizi haiulizi injini inazungusha magurudumu mangapi. Ni kweli kwamba dereva anayeongeza mwendo akitoka konani hupata nafuu, kwa kuwa mzigo wa kusukuma umegawanywa kwa matairi manne na kila tairi limebakiwa na mshiko wa kupinda. Ni kweli pia kwamba katika mteremko, injini inayozuia magurudumu yote hupunguza hatari ya ekseli moja kufyatuka. Lakini anayeingia konani kwa kasi mno atatoka nje ya barabara akiwa na gari la aina yoyote.

Uzito nao hauokoi. Gari zito hukandamiza barabara zaidi, lakini pia lina mwendo mzito zaidi wa kuzuiwa. Mambo haya mawili hufutana.

Hatari kubwa zaidi ni ya habari. Gari la magurudumu mawili huteleza linapojaribu kuondoka, na mtelezo huo ni onyo: dereva hujua, akiwa bado hana kasi, kwamba barabara haina mshiko. Gari la magurudumu manne huondoka bila kusitasita. Onyo halitolewi, na dereva hulijua hali ya barabara kwa mara ya kwanza anapokanyaga breki. Hapa ndipo tajiriba ya matope inapopotosha. Katika matope shida ni kwenda. Kusimama si shida, kwa kuwa matope yenyewe hulizuia gari. Katika theluji iliyoshindiliwa kwenda kwaweza kuwa rahisi, na kusimama ndiko kugumu.

Tairi na sheria

Ikiwa mshiko hupatikana tairi linapokutana na barabara, basi nafuu ya kazi zote tatu itafutwe hapo. Tairi la kiangazi hukauka na kuwa gumu halijoto ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi. Tairi la majira ya baridi hutengenezwa kwa mpira unaobaki laini, na uso wake hukatwa mikato mingi myembamba inayoshika chembe za theluji. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba matairi bora yamepandisha uwiano wa msuguano kutoka 0.2 hadi 0.3. Gari letu la magurudumu mawili sasa litapanda asilimia 18, karibu sawa na lile la manne lenye matairi duni. Isitoshe, litasimama kwa mita 33 badala ya 49, na hapo litakuwa limemshinda mwenzake kwa mbali. Bora zaidi ni gari lenye vyote viwili.

Watunga sheria wa nchi za baridi wamelitambua jambo hili. Jimbo la Quebec nchini Kanada lilianza mwaka 2008 kulazimisha matairi ya majira ya baridi. Tangu 2019 kipindi hicho huanza tarehe 1 Desemba hadi tarehe 15 Machi. Ujerumani huyadai matairi hayo barabara inapokuwa na theluji, barafu au sakitu, na Sweden ina sharti linalofanana. Gari halisamehewi kwa sababu injini yake huzungusha magurudumu manne. Sheria imedai mshiko, haikudai msukumo.

Uimara

Kudumu kwa magari haya katika nchi za theluji hakutegemei theluji yenyewe kuliko chumvi inayomwagwa kuiyeyusha. Chumvi hushusha kiwango cha kuganda cha maji, lakini maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri na hivyo huharakisha kutu. Hujipenyeza chini ya gari, kwenye mabomba ya breki, boliti na mihimili ya chesi. Gari la msukumo wa manne lina vyuma vingi zaidi huko chini: propela, difu ya nyuma na ekseli zake. Mafuta ya difu huhitaji kubadilishwa, na mifuko ya mpira inayofunika viungo vya ekseli ikipasuka, maji na chumvi huingia.

Matairi yenyewe yaweza kuliumiza gari. Moja likiwa jipya na mengine yamelika, mizingo yao hutofautiana; difu ya katikati au mafungamano yake hulazimika kufanya kazi bila kupumzika hata katika barabara iliyonyooka, na huchakaa mapema. Ndiyo sababu watengenezaji hushauri matairi yote manne yalingane.

Mambo haya si mageni kwa Mkenya. Magari mengi yanayoshushwa Mombasa yametumika Japani, na sheria ya Kenya huyakubali yakiwa hayajazidi miaka 8. Lililotoka maeneo ya kaskazini yenye theluji laweza kuwa na rangi inayong'aa juu na kutu chini, hivyo mnunuzi mwerevu huinama. Laweza pia kufika na matairi ya theluji yasiyo na misumari. Japani iliyaendeleza matairi hayo baada ya misumari kuchimba lami na kujaza vumbi mijini, hata ikatungwa sheria ya kuidhibiti mwaka 1990. Mpira wake laini uliofaa theluji huisha upesi katika joto la pwani.

Hitimisho

Kutokana na uchunguzi huu, makala yanapendekeza kwamba wanafunzi na wafasiri wayatenge maneno matatu. Msukumo litumike kwa kile ambacho injini huyapa magurudumu. Mshiko litumike kwa uwezo wa tairi kutoteleza. Utelezi litumike kwa hali ya barabara. Neno uendeshaji halifai mahali pa msukumo, kwa sababu msomaji atadhani anaambiwa habari za dereva. Na neno mvuto limekwisha kuzoeleka katika kueleza nguvu ya ardhi. Fobaifo lina haki yake mtaani, ila katika maandishi ya usalama halitoshi, kwa kuwa linataja hesabu ya magurudumu na kunyamaza kuhusu kazi yake. Theluji na barafu nazo zisibadilishane nafasi, maana kati yake kuna tofauti ya mita 49 za kusimama.

Mtu aliyewasili Minnesota mwezi wa Januari akiambiwa kwamba gari lake «lina nguvu katika theluji» ameambiwa nusu ya kweli, na ndiyo nusu anayopenda kuisikia. Sentensi inayomfaa ni hii: gari hili litakusaidia kuondoka na kupanda, halitakusaidia kusimama. Maneno ya kuiandika yamo katika Kiswahili tayari.